Mto wa Lorna na Arobaini ya Zuhura

Wenzangu, kila anayekuja kwangu siku hizi anasimama kibarazani, anaitazama ile suruali ya mpira inayoning'inia kwenye kamba, kisha ananiuliza kama nimeanza kazi ya kuzibua mitaro. Suruali yenyewe imeungana na mabuti, inapanda mpaka kifuani, na ubavuni imeandikwa ZUHURA kwa wino mweusi. Nimechoka kuieleza vipandevipande, huyu mlangoni, yule kwenye simu, mwingine harusini kule Villawood huku muziki unatupasua masikio. Basi nasimulia mara moja, yote, tangu kutoka hapa ugenini kwetu Bankstown mpaka kurudi. Habari za kuomba likizo kazini na vibali vya kuvulia naziacha, hazina utamu.

Nilikwenda kufanya nini, mnajua. Zuhura wangu ana mimba ya kwanza, na kwetu Tanga mimba ya kwanza hurudi kwa mama. Akishajifungua ni mimi wa kumkanda kwa maji ya moto, ni mimi wa kumfunga tumbo, ni mimi wa kumkalisha ndani siku arobaini mpaka atoke amenawiri. Chumba nilikuwa nimeshatenga, pazia nimeshabadilisha. Halafu Ijumaa moja, kwenye meza yangu, mbele ya sahani yangu, mtoto ananiambia kwa Kiingereza chake kile cha haraka kwamba Lorna amesema wakitoka hospitali waende shambani kwake wakapumzike, kuna hewa nzuri na moto wa kuni.

Lorna ni mama yake Dani, mkwe wangu. Ni mjane, anaishi peke yake huko milimani kaskazini, mwendo wa siku nzima kwa gari, anafuga kondoo na kuvua samaki aina ya trauti kwa ndoana iliyofungwa manyoya. Tangu Zuhura aolewe amekuwa akienda huko mara mbili tatu kwa mwaka, na akirudi anausimulia mto kama mtu aliyetoka fungate. Nilikuwa navumilia. Lakini arobaini? Nikamuuliza kama amekubali. Akasema wanafikiria. Nikasema safari hii na mimi nakuja, nataka kuuona huo mto. Zuhura akamtazama mumewe. Dani akasema karibu sana Mama, akajiongezea wali.

Bankstown hadi St Marys

Sikwenda mikono mitupu. Kwa mkwe mwenzio huendi mikono mitupu, na tena nilitaka Lorna ajue kwamba Zuhura hakuokotwa, ametoka kwenye nyumba yenye samaki. Nilipika mchuzi wa nguru wa nazi, na bizari na ukwaju, sufuria nzima, nikaifunga kwa kanga. Ni mchuzi uleule niliokuwa nampikia kila Ijumaa tangu nilipopata habari ya mimba. Mwenye mimba pwani anakula samaki, mtoto apate akili. Na kila Ijumaa sahani ilirudi jikoni nyeupe, mimi roho yangu kwatu. Hata Dani nilimwona amenenepa, nikamtania kwamba nani hasa mwenye mimba hapa.

Kutoka kwangu mpaka kwao St Marys ni kubadilisha treni na basi, na sufuria iko mapajani. Mzee mmoja wa Kilebanoni alikaa karibu yangu, akanusa, akahama kiti akaja karibu zaidi. Akaniuliza kama nimetia giligilani. Nikasema nimetia. Akaniuliza nampelekea nani chakula kama hiki. Nikamwambia nampelekea adui. Akacheka mpaka akakohoa, akasema huyo adui ana bahati.

Zuhura alinifungulia mlango, akanipa mkono, akanibusu, akaona ile kanga na sufuria ndani yake, akarudi nyuma hatua moja. Akasema Mama, tuiweke nyuma kwenye buti. Nikakataa, itamwagika. Nikaipakata siti ya nyuma kama mtoto mchanga, tukaondoka.

Barabara ya kaskazini

Hatukufika mbali. Kabla hatujauacha mji Zuhura alishafungua dirisha, upepo unatupiga usoni, na tulipoingia barabara kuu akamgusa Dani bega, asimame. Akashuka, akainama kwenye majani, akatapika. Nikamwambia Dani aendeshe taratibu, anamrusharusha mtoto wa watu. Dani akasema sawa Mama. Tukaenda kidogo, tukasimama tena. Tulisimama sehemu ambazo hazina jina. Kila mara nilishuka na sufuria yangu mkononi, maana sikutaka iachwe ipinduke, nikasimama karibu na mwanangu nikimpapasa mgongo, na yeye kila nikimkaribia anazidi. Nikamlaumu Dani tena. Mkwe wangu huyu ana subira, lazima niseme.

Katikati ya hayo simu ikalia. Alikuwa Lorna, anauliza tumefika wapi. Zuhura akajibu, wakazungumza kwa sauti ya chini, halafu mwanangu akacheka. Cheko lile sijalisikia nyumbani kwangu tangu mwaka ulipoanza. Kwangu anacheka kwa adabu. Kwa yule alicheka kwa tumbo, na tumbo lenyewe lilikuwa limetoka kutapika sasa hivi. Nikatazama nje nikajifanya nahesabu ng'ombe.

Na hapo nilikuwa bado sijajua kosa langu la nguo. Nchi hii kaskazini ndiko kwenye joto, kila mtu anajua, sisi wenyewe tukitaka joto tunapanda kaskazini. Nikavaa dera, mtandio mwepesi na kandambili. Hakuna aliyeniambia kwamba huko kaskazini kwao ni juu ya mlima na asubuhi majani yanaganda. Zuhura anasema aliniambia. Hakuniambia, au aliniambia kwa Kiingereza nikiwa naosha vyombo.

Tairi, mbele ya Muswellbrook

Tulipopita Muswellbrook tairi la nyuma likapasuka. La akiba nalo halikuwa na upepo wa kutosha, tukajikokota mpaka kwenye gereji moja ya tairi pembeni ya barabara, tukaambiwa tusubiri. Tulisubiri mpaka miguu yangu ikawa ya bluu kwenye zile kandambili.

Pale benchini alikuwepo mwanamume mmoja anasubiri gari lake. Aliponisikia namgombeza Dani kuhusu tairi la akiba, akasimama kabisa. Akasema kwa Kiswahili cha kwao, "Mama, unasema Kiswahili? Mungu ni mukubwa. Mimi natoka Bukavu, natumika hapa, pale wanachinja ng'ombe." Alikuwa anaitwa Baba Neema, mfanyakazi wa machinjio. Alikuwa na njaa ya maongezi, na njaa nyingine pia, kwa sababu macho yake hayakutoka kwenye sufuria. Nikamfungulia, nikamtilia kidogo kwenye bakuli. Akanunua mkate, akachovya, akala, akapangusa bakuli kwa kidole. Zuhura alikwenda kusimama ng'ambo ya barabara akisema anataka hewa.

Nikamweleza safari yangu, maana mtu usiyemjua ndiye mzuri wa kuelezwa. Yeye badala ya kunipoza akanipalilia moto. Akasema mtoto wake wa mwisho alizaliwa mji huohuo, bibi yuko mbali, na mama mmoja mzungu jirani ndiye aliyekuwa akija kuogesha mtoto na kumbembeleza. Mama mwema, hakuna la kumlaumu. "Sasa mutoto anamuita Nana," akasema, jina ambalo wazungu humwitia bibi. "Maman yangu akipiga simu kutoka Bukavu, mutoto anakimbia, anasema hamujui."

Aliyasema bila uchungu, anatafuna. Mimi nilihisi mkono wa baridi umeingia ndani ya dera. Nikamwona mjukuu wangu, hata hajazaliwa, ananikimbia kwenye simu. Tairi likawa tayari, tukaagana na Baba Neema, nikaipakata tena sufuria yangu, tukapanda mlimani.

Kwa Lorna

Tulifika jua linaelekea kuzama, baridi inakata masikio. Nilikuwa nimejiandaa kuamkiana na mkwe mwenzangu kama inavyotakiwa: mikono miwili, habari za nyumbani, za mifugo, za afya, taratibu. Akatoka mwanamke mrefu mwembamba, nywele fupi nyeupe, mabuti ya matope. Tulikuwa tumeonana harusini tu, siku ile alivaa gauni na mimi sikumjali. Aliniangalia miguu, akasema masikini unaganda, akalivua sweta lake mwilini akanivisha kichwani kabla sijamaliza kumuuliza habari za kondoo. Basi siku zote nilizokaa pale nilimwonea wivu nikiwa ndani ya sweta lake.

Zuhura alimkumbatia kwa muda mrefu. Anamwita Lorna, jina tupu. Kwetu mama mkwe haitwi jina lake, ni utovu wa adabu. Sikumsahihisha. Afadhali jina kuliko Mama.

Nikamkabidhi sufuria. Akafunua, akanusa, akaisifia, akasema asante sana. Halafu akaichukua akatoka nayo nje, akapita uani, akaenda kuiweka kwenye friji lililoko bandani. Niliangalia dirishani. Kwenye friji hilo, nilikuja kuona baadaye, kunakaa nyama ya kulishia mbwa. Jamani. Mchuzi wangu wa nguru, nimeupakata kutwa nzima kama mtoto, umekwenda kulala na chakula cha mbwa. Nikasema kimoyomoyo, haya mama, umenionyesha.

Akatutembeza chumba alichokiandaa. Kina kitanda kikubwa, moto wa kuni kwenye ukuta, dirisha linaloangalia mto, na kitanda cha mbao alicholalia Dani utotoni, kimepakwa rangi upya. Nikapitisha kidole juu ya kabati nikitafuta vumbi. Hakuna. Nikatafuta kasoro mpaka kwenye pazia, nikakosa, na hilo likaniudhi kuliko kama ningeipata.

Lakini kilichoniumiza roho hasa kilikuwa mezani. Baada ya chai Zuhura alivuta kiti bila kuambiwa, akakaa mbele ya jiliwa dogo la chuma lililobana ndoana isiyozidi punje ya mchele. Akachukua uzi mwembamba na unyoya wa jogoo, akaanza kuzungusha, anafunga, anakaza, anakata, kimya, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo kama alivyokuwa akifanya shule. Lorna amekaa kando anafunga yake. Ndivyo wanavyotengeneza nzi wa bandia wa kumdanganya samaki.

Ninyi mnajua nashona kofia. Mikono yangu imeshona kofia za vito, zile za matundu madogomadogo, zilizovaliwa na mabwana harusi wa Tanga na wa Bankstown. Nilimkalisha huyu mtoto nikamwomba ajifunze hata tundu moja. Akasema macho yanamuuma, uzi ni mwembamba mno, mgongo unamchosha. Sasa uzi huu ulikuwa mwembamba kuliko wangu, na mgongo haukumchosha. Nilimwangalia mpaka chai yangu ikapoa. Nikaomba na mimi nijaribu. Nilimfunga nzi mmoja kwa uzi wa dhahabu niliokuwa nao kwenye mkoba, nikamtia urembo, akang'ara. Lorna akamgeuzageuza kwenye taa, akasema ni mzuri sana. Kisha akasema kwa upole kwamba samaki wa mto huu huenda akamkimbia. Nikasema basi hawana macho.

Mtoni

Asubuhi majani yalikuwa meupe kwa baridi. Mto wenyewe si mpana, maji yana rangi ya chai ya mkandaa, isiyotiwa maziwa, yanapita juu ya mawe kwa haraka, mvuke unatoka juu yake. Zuhura tumbo halikuingia tena kwenye suruali yake ya mpira, ile Lorna aliyomnunulia na kuiandika jina, kwa hiyo nikavaa mimi. Dera likakunjwa likaingia ndani. Dani aliomba kunipiga picha, nikamtazama, akarudisha simu mfukoni.

Zuhura alivua kutoka kwenye jiwe tambarare ukingoni. Sitasema uongo, alipendeza. Mshipi unapanda nyuma ya kichwa chake, unangoja kidogo hewani, unakwenda mbele, unatua bila kelele. Nilikuwa sijawahi kumwona mwanangu akifanya kitu kwa utulivu namna ile. Na nyuma yake alikuwa amesimama Lorna, amemwekea kiganja kiunoni, palepale chini ya mgongo panapomuuma mwenye mimba. Hata hakuwa anafikiria. Kiganja kilijiendea chenyewe. Mkono ule mahali pale ulikuwa uwe wangu, na mimi niko ndani ya suruali ya mpira, magoti yamezama, siwezi hata kupiga hatua.

Kwa hasira nikaomba ufito wa kuvulia na nikadai wanifungie nzi wangu wa dhahabu. Nikarusha. Ndoana ikarudi ikaninasa begani. Lorna akaingia majini, akaichunguza, akaona haitoki, akatoa kisu akalikata sweta lake mwenyewe, tobo kubwa, bila kukunja uso. Nikamshukuru kwa meno.

Ndipo Zuhura akapata. Ufito ukapinda, maji yakaruka, akacheka, Dani akapiga makofi. Lorna akamchota samaki kwa wavu mdogo: trauti mnene, madoa mekundu ubavuni, ngozi inang'aa. Moyo wangu nao ukafurahi, nikaanza kufikiria ndimu. Lorna akaichomoa ndoana. Akamshika samaki ndani ya maji, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, akangoja apate pumzi. Halafu akafungua vidole. Samaki akaenda.

Kiingereza kilinikimbia chote. Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo nadhani kondoo waliisikia, kwamba mwanamke huyu amemnyima mja mzito. Kwetu mwenye mimba hanyimwi. Akitaka embe bichi usiku, mtu anatoka. Akitaka udongo, anapewa udongo. Na huyu alikishika chakula kwa mkono wake mwenyewe, kinarushwa majini mbele ya macho yake. Dani, ambaye Kiswahili chake ni cha kuokoteza, alimtafsiria mama yake alivyoweza.

Lorna hakukasirika. Alimtazama Zuhura. Akafungua mdomo aseme jambo, na Zuhura akatikisa kichwa, kidogo sana, kama anamfukuza inzi. Lorna akafunga mdomo.

Mimi nililiona. Mama gani asione? Kulikuwa na siri baina yao wawili, na mimi niko nje ya siri hiyo, nimesimama mtoni. Nikasema kwa Kiingereza safari hii, polepole, kwamba samaki atakayefuata harudi majini. Hakuna aliyebisha. Baadaye Dani akapata mmoja, Lorna akampiga kichwani kwa kijiti, akanipa.

Jikoni

Nilipika kwa uchungu, na nikipika kwa uchungu chakula huwa kitamu. Chumvi, ndimu, kitunguu saumu, kopo la tui nililotoka nalo nyumbani. Nyama ya samaki yule ilikuwa laini, ya rangi ya waridi kidogo. Lorna alizungukazunguka jikoni akifungua madirisha. Nikaona ananionyesha kwamba viungo vyangu vinanuka, nikaongeza bizari.

Nikampakulia Zuhura kwanza, kipande cha tumbo, kilicho bora. Wote tukakaa. Akasema bismillahi, akatia kipande kidogo mdomoni, akanitazama, akatabasamu. Macho yakamjaa maji. Akakimbia.

Kiti kilikuwa hakijaanguka chini, Lorna alishasimama. Ndoo ilikuwa tayari chini ya sinki, kitambaa kibichi kimekunjwa juu yake, biskuti kavu kwenye kikombe. Hakutafuta kitu hata kimoja. Alimfuata uani, nikasikia sauti yake ya chini, haya mpenzi, haya. Mimi nilibaki na kijiko mkononi.

Zuhura aliporudi uso ulikuwa wa majivu. Akakaa mbali na sahani. Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu mwanzo, Mama. Harufu ya samaki tu inanimaliza."

Nikauliza, na Ijumaa zote zile? Sahani zilizorudi nyeupe? Dani akainua mkono taratibu kama mwanafunzi. Nikalielewa tumbo lake. Nikazielewa zile safari za majani barabarani na mimi namfuata na sufuria, na friji la bandani, na madirisha. Nikamwelewa hata yule samaki aliyeachiwa. Kila mtu ndani ya nyumba ile alikuwa anajua isipokuwa mimi niliyemzaa.

Nikamuuliza, "Kwa nini yeye anajua, mimi sijui?"

Huyu mtoto ambaye kila nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, safari hii alinijibu kwa Kiswahili, chote, hakuchanganya hata neno.

"Kwa sababu nikimwambia Lorna chakula kimenishinda, anaondoa sahani. Wewe ungelia, Mama. Nisingeweza kutapika na kukubembeleza kwa wakati mmoja."

Sikulia. Nilikataa kulia mbele yao ili nimwonyeshe kwamba amekosea. Nikaondoka mezani kwa heshima, nikafunga mlango vizuri, nikaenda kulia nyuma ya zizi.

Nyuma ya zizi

Kondoo walinitazama. Nikalia vya kutosha, na katikati ya kulia nikaanza kupanga maneno ya kushindwa. Nitamwambia aje tu huku, kwenye moto wa kuni na dirisha la mto, kwa mtu anayejua ndoo ikae wapi. Nitamwona mjukuu kwenye simu, akikimbia akimbie.

Lorna alikuja na koti. Akanitupia mabegani, akaegemea uzio, hakunitazama. Akaniomba radhi kwa kunificha. Nikamwambia kwamba Zuhura alimwamini yeye, basi, Mungu amjalie. Nilisema kwa sauti ile mnayoijua.

Halafu akasema jambo nisilolitegemea.

"Wewe unawapata kila Ijumaa," akasema. "Mimi Ijumaa nakaa pale jikoni najua wako mezani kwako. Sina kitu cha kuwaleta huku ila huu mto."

Nikageuka kumwangalia. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Zuhura aliponiambia habari ya samaki, nilifurahi," akasema. "Nilikuwa na kitu chake kimoja ambacho wewe huna. Nikakiweka. Si vizuri, najua."

Wenzangu, nilitakiwa kukasirika. Wallahi nilijitafutia hasira nikaikosa. Nilichosikia ni kwamba mwanamke huyu, mwenye nyumba isiyo na vumbi, mwenye mto, mwenye kiganja kinachojiendea chenyewe, anakaa peke yake kila Ijumaa ananionea wivu mimi wa Bankstown na meza yangu ya plastiki. Utamu ulionipita mwilini siwezi kuueleza. Ulinishibisha kuliko samaki yeyote. Na kwa mara ya kwanza nikamwona kama mtu ninayemjua, maana angekuwa mimi angefanya hivyohivyo, na ningekuwa yeye ningeificha siri ile kwa ufunguo.

Ndipo nikasema lile neno. Nikamwambia arobaini ni Bankstown, hilo halijadiliwi, lakini na yeye aje. Aje akae kwangu siku zote, chumba kipo, tutabanana. Msinisifu kwa wema, sikufanya kwa wema. Nilipiga hesabu ya haraka. Zuhura akija huku, Lorna atakuwa naye na mimi sitaona kitu. Zuhura akiwa kwangu na Lorna akabaki huku, simu itakuwa inalia kila saa na mwanangu anacheka kwa tumbo chumba cha pili. Afadhali niwe naye chini ya paa langu, nimwone kila anapoweka mkono.

Lorna alifuta pua kwa mkono wa shati. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema sijawahi kuwa na hakika na jambo, lakini aje.

Kurudi

Tuliagana asubuhi. Sufuria yangu haikurudi tupu, alinijazia mayai. Nani alimfundisha kwamba chombo cha mtu hakirudishwi kitupu? Zuhura, bila shaka, na hata hilo liliniuma kidogo. Suruali ya mpira niliitia mwenyewe kwenye buti la gari, mbele ya macho ya Lorna. Akaniona. Akajua kwamba ikiwa kwangu hakuna wa kuivaa kule mtoni mpaka nitakapoamua. Alitabasamu tu akanisaidia kufunga buti.

Njiani Zuhura hakutapika hata mara moja, kwa kuwa mapajani kwangu kulikuwa na mayai. Alilala amejiegemeza begani kwangu, nami nikamwekea kiganja kiunoni mpaka mkono ukafa ganzi. Sikuutoa.

Basi hayo ndiyo yaliyotokea. Siku hizi Ijumaa napika maharage ya nazi, Zuhura anakula kweli, Dani anapungua. Kitanda cha Lorna nimeshakitandika, na yeye ameshampata mtu wa kumwangalizia kondoo. Kila kitu tumepanga kwa simu. Kumkanda ni mimi. Kumfunga tumbo ni mimi. Uji atapika yeye, nimemfundisha kwa video ya simu, anatia pilipili manga nyingi lakini atajirekebisha. Na mtoto akitoka hospitali, wa kwanza kumbeba ni mimi. Hilo nilimwambia wazi, bila kupindapinda, nikajiandaa kwa mabishano.

Lorna akasema haya. Alisema upesi mno, kama mtu anayenificha jambo jingine, na tangu siku hiyo sina amani.